Mto Kwenye Keria ya Byabato

Hadithi hii imenifikia ikiwa imeshapita kwa watu wengi, na kila mmoja ameiongezea chumvi yake. Mimi nimejitahidi kuipunguza. Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzako, hasa yule mliyeanza kuota naye mvi.

Huko Muleba, mkoani Kagera, palikuwa na mwalimu mstaafu aitwaye Kaijage. Alifundisha jiografia tangu akiwa na nywele nyeusi hadi akabaki na upara. Kila mwaka alichora duara ubaoni, akapitisha mstari katikati na kuwaambia watoto, "Hii ndiyo Ikweta." Alikuwa akiuchora bila rula, na ulinyooka.

Mwaka mmoja mwanafunzi aitwaye Kokugonza alinyoosha kidole.

"Mwalimu, ukisimama juu ya huo mstari unasikia nini?"

Darasa zima likacheka. Kaijage naye akacheka, lakini moyoni alikwama. Hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwahi kufika. Na mstari wenyewe haukuwa mbali kiasi hicho. Unakatiza barabara kuu ya Uganda, ukishaipita Masaka. Swali la mtoto yule lilimkaa kooni mpaka akastaafu.

Siku moja akamwendea rafiki yake Byabato.

"Nakwenda Ikweta," akamwambia. "Nakwenda kwa baiskeli."

Byabato alikuwa amefundisha muziki katika shule ileile, na hata baada ya kustaafu ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti nzito, asiyependa haraka. Mtu mwingine angeuliza kama Kaijage ana homa. Yeye aliuliza, "Tunaondoka lini?"

Nyumbani kwa Kaijage ilikuwa vita. Mke alinuna, watoto wakapiga simu kutoka kila mkoa. Wakamsihi apande basi, afike, apige picha, arudi. Kaijage akasimama mbele ya ukoo mzima, mkono kiunoni.

"Nitafika pale kwa baiskeli," akasema, "la sivyo sifiki kabisa."

Maneno hayo yalizunguka Muleba yote kabla chai haijapoa. Kokugonza mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na mwalimu wa jiografia katika shule ileile, alikuja kumshika mkono. "Mwalimu, ukifika nipigie," akasema. "Bado nasubiri jibu langu." Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Kaijage hakumwambia mtu. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumgomea. Asubuhi lilikuwa gumu, na akishuka ngazi lilimchoma kama sindano. Alijipaka dawa ya kuchua akiwa amejifungia bafuni. Alimficha mkewe, akawaficha watoto, na zaidi ya wote alimficha Byabato, maana alijua rafiki yake akijua safari imekufa. "Linifikishe tu Ikweta," aliwaza. "Likitaka kufa, life hukohuko."

Wakaanza maandalizi. Kaijage alinunua baiskeli mpya, nyepesi, yenye gia nyingi kuliko alizojua kuzitumia. Akaiondolea keria ili isiwe na uzito wa bure, mzigo wake wote ukawa begi dogo la mgongoni. Byabato alitoa ile baiskeli yake nyeusi ya zamani, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Ilirudi na keria pana, imara, yenye vyuma vya kukanyagia kila upande. Juu ya keria akafunga mto mnene wa sponji, akaushonea kitenge na kuufunika kwa nailoni.

Kaijage alipouona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwenzangu, tunakwenda Uganda au tunampeleka bibi harusi? Huo mto ni wa nani?"

"Wa kulalia," Byabato akajibu.

Basi wakaondoka, watu wa mtaani wakiwapigia vigelegele na wengine wakitikisa vichwa. Kaijage alitangulia, Byabato akafuata nyuma akivuma nyimbo za kwaya kwa besi. Kaijage alikuwa akifika juu ya kilima, anageuka na kusubiri kwa madaha, mikono kifuani.

"Ungeuacha huo mto Muleba ungekuwa umeshafika!" alikuwa akipiga kelele.

Byabato alifika taratibu, akitokwa na jasho. Walipolala Bukoba, Kaijage aliona jambo la ajabu. Byabato aliingia kulala na mto akauacha nje, umefungwa kwenye keria. Alitaka kuuliza, usingizi ukamchukua.

Mpakani Mutukula, ofisa wa uhamiaji aliwatazama juu hadi chini, kisha akazitazama baiskeli.

"Wazee wangu, mnamkimbia nani?"

"Tunaukimbia uzee," Byabato akasema. "Kama umepita hapa, tuambie umeelekea wapi."

Ofisa akacheka, akagonga mihuri, akawasindikiza mwenyewe hadi kwenye kizuizi cha barabara.

Upande wa Uganda ndiko Kaijage alikopata aibu asiyoitarajia. Sehemu zile watu wazima wanakumbuka vizuri baiskeli za kubeba abiria, zile zilizokuwa na mto nyuma kabla pikipiki hazijajaa. Kila walipopita, akina mama walimpungia Byabato mkono asimame. Walidhani anatafuta abiria! Kaijage alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu mzima, msafiri wa kimataifa, anafuatana na dereva wa baiskeli ya kukodi.

Siku moja Byabato alisimama kweli. Mama mmoja mwenye kikapu cha viazi akapanda, akakaa vizuri, na Byabato akampeleka hadi sokoni, kilima kizima, bila kumtoza chochote. Mama aliposhuka, Byabato alisimama kidogo akijishika mapaja, akitabasamu peke yake.

"Unafanya nini wewe?" Kaijage akamfokea. "Tumetoka Muleba kuja kubeba viazi?"

"Nilikuwa naangalia kitu," Byabato akasema. "Kiko sawa. Twende."

Kaijage hakuwa na nguvu za kubishana. Goti lilikuwa limevimba. Tangu Masaka alikuwa akikanyaga kwa mguu wa kushoto tu, ule wa kulia unazungushwa na pedeli kama mzigo. Kadiri maumivu yalivyozidi ndivyo alivyocheka kwa sauti kubwa zaidi, ili asitiliwe shaka.

Wakafika Lukaya, mji mdogo wenye moshi wa nyama na ndizi za kuchoma pande zote za barabara. Ikweta ilikuwa imebaki mwendo wa siku hiyohiyo. Wakakaa kwa mama mmoja aitwaye Nakabugo, wakala ndizi za moto. Byabato akainuka, akajipangusa mikono.

Kaijage akajaribu kuinuka. Goti likakataa.

Akajaribu tena, ameshika meza. Likakataa kabisa, na safari hii sauti ikamtoka.

"Mnyororo wangu umelegea," akasema haraka. "Ngoja kwanza niukaze."

Byabato akatazama mnyororo. Ulikuwa umekaza. Akamtazama rafiki yake. Nakabugo akaingilia kwa Kiswahili chake cha Uganda.

"Ssebo, bwana wangu, huyu mzee hawezi. Pikipiki ziko hapa nyingi. Panda moja, saa hii mko Ikweta."

"Sipandi!" Kaijage akasema. "Nilisema kwa baiskeli. Muleba nzima ilisikia."

Kisha uso ukamvunjika. Mzee yule, ambaye wanafunzi wake hawakuwahi kumwona akitikisika, alifunika uso kwa viganja na kulia mbele ya wachoma nyama.

"Byabato, nimekudanganya," akasema. "Ni goti. Lina muda mrefu. Nenda wewe. Nenda ukanisimamie pale, halafu urudi unieleze unasikia nini."

Byabato alikwenda kwenye baiskeli yake, akafungua kamba na kuitoa ile nailoni. Kitenge kilikuwa safi kama siku kiliposhonwa. Hakuna kichwa kilichokuwa kimelala pale hata mara moja. Akaupiga mto kwa kiganja.

"Keti."

Kaijage akautazama mto, akamtazama Byabato.

"Ulijua?"

"Mwalimu, sisi wa kwaya tunakaa mbele, tunawaona nyote. Wewe uliyekuwa wa kwanza kupiga magoti, tangu Kwaresma unakaa ukingoni mwa benchi na kujifanya unatafuta kitabu cha nyimbo. Nilijua kabla hujaniambia habari ya Ikweta."

"Basi kwa nini hukunizuia?"

"Kwa sababu ulitaka kwenda."

Kaijage akajikumbuka juu ya kila kilima, mikono kifuani, akimcheka mwenzake kwa kubeba mto. Na ule mto ulikuwa wake.

"Na yule mama wa viazi?"

"Nilikuwa najipima kama miguu yangu bado inabeba mtu. Yule mama ni mzito kukuzidi. Sasa uliapa utafika kwa baiskeli. Hii ninayokuonyesha ni nini, ngalawa?"

Nakabugo alicheka hadi machozi, akasema baiskeli nyingine ataitunza yeye mpaka watakaporudi. Akawafungia na ndizi za njiani. Kaijage akapanda. Miguu yake ikapata vile vyuma vya kukanyagia, vimewekwa kwa kimo chake hasa. Akamshika rafiki yake kiuno kwa mikono miwili, kama mtoto anayepelekwa zahanati, na wala hakuona haya tena.

Njia ya kutoka Lukaya ni tambarare, mafunjo kushoto na kulia. Byabato alikanyaga taratibu, akapumzika alipotaka, akaendelea. Penye mwinuko Kaijage alishuka na kujikongoja akiwa ameegemea keria. Madereva wa malori waliwapigia honi. Safari hii Kaijage ndiye aliyeanzisha wimbo, tena alikosea sauti vibaya, na Byabato alimrekebisha bila kugeuka.

Wakafika. Pale pembeni limesimama duara kubwa la saruji, na mstari uliopakwa rangi unakatiza. Byabato akaupita kwa gurudumu la mbele, kisha akafunga breki na kukanyaga chini.

"Mbona unasimama?" Kaijage akauliza.

"Wewe ndiye mwalimu. Angalia chini."

Kaijage akaangalia. Mstari ulikuwa umepita katikati ya baiskeli. Byabato, kwenye kiti, alikuwa nusu ya kaskazini ya dunia. Yeye, kwenye mto, alikuwa bado nusu ya kusini. Na mikono yake ilikuwa imevuka, imemshika mwenzake kiuno.

Kaijage akacheka, kicheko cha kweli sasa, akatoa simu na kumpigia Kokugonza.

"Mwalimu, umefika?" Kokugonza akauliza. "Haya niambie, nikawaambie wanafunzi wangu. Unasikia nini hapo?"

Kaijage akalaza shavu lake kwenye mgongo uliolowa jasho.

"Nasikia moyo wa Byabato," akasema. "Unapiga kwa nguvu, kwa ajili yangu."

Funzo: Rafiki wa kweli huuona udhaifu wako mapema, akakuandalia nafasi bila kukutangaza. Ukimpata, acha kumkimbia kwa kujionyesha una nguvu. Kaa, ukubali kubebwa, mfike wote.