Kihenge Kilichokula Nyumba

Sogeeni!
Tumesogea!
Masikio yapo?
Yapo!

Basi hapo kale, mawe yalipokuwa bado laini na mbwa hawajaanza kubwekea wageni, kulikuwa na nchi ya wakulima wa mtama. Kila mavuno walijenga vihenge vya kuhifadhia mtama wao. Mwaka mzuri, kihenge kikubwa. Mwaka mbaya, kihenge kidogo. Jioni walikaa barazani wakisukana nywele na kusengenya majirani. Masele, usicheke. Kusengenya ni kazi nzuri ukiwa umeshiba.

Siku moja Mtemi wao, Kishosha, alitembelea nchi jirani akaona vihenge vikubwa kuliko vya kwake. Akarudi amenuna, akaita watu.

"Tumebaki nyuma! Kuanzia leo kila kihenge kiongezeke unene pima moja kwa mwaka. Kisichokua, mwenyewe ahame kutoka bondeni, akalime mlimani kwenye mawe."

Pima moja ni mikono yote miwili ukiinyoosha, hivi. Limi, usimpige mwenzako.

Mzee mmoja akauliza, "Na mtama ukiwa uleule, Mtemi?"

"Wewe hupendi maendeleo," Mtemi akasema. Mzee akakaa.

Mwaka wa kwanza walijenga, vikakua. Mpimaji, jina lake Ngassa, akazungusha kamba, akapaza sauti: "Kimekua!" Vigelegele! Mwaka wa pili walijenga, vikakua. Miti ilikwisha, wakang'oa nguzo za baraza. "Kimekua!" Vigelegele! Mwaka wa tatu walijenga, vikakua. Hakuna aliyepata muda wa kupalilia, mtama ukapungua. "Kimekua!" Vigelegele, ingawa vya watu waliochoka.

Mnauliza ndani kulikuwa na nini? Upepo. Kamba ilipita nje, wanangu.

Mwaka wa nne nyasi za kuezekea zikaisha nchi nzima. Zilizobaki zilikuwa juu ya nyumba za watu. Basi wakaezua nyumba, wakaezeka vihenge. Mtemi naye aliezua yake, awe mfano.

Alikuwepo mjane, Nyamizi, mwenye watoto watatu na shamba bondeni. Mawingu yalikuwa yameshatanda. Akiacha nyumba na paa lake, shamba linaondoka. Akiezua, watoto wanalala kwenye mvua.

Jirani yake Kabula akamwambia, "Ezua tu, shoga. Sisi tunajikinga kwa ungo."

"Ungo mmoja, watu saba?"

"Tunapokezana."

Nyamizi akaangalia kihenge. Akaangalia watoto. Akaezua nyumba, akaongeza kihenge pima moja, akakiezeka. Kisha akakitoboa mlango, akaingiza mafiga, chungu, watoto na kuku.

Ngassa akaja na kamba. "Kimekua! Tena kizuri!" Mtemi akaja mwenyewe kupongeza. Mvua nayo ikaanza. Akainamisha kichwa mlangoni.

"Mama, mtama uko wapi?"

"Chunguni, Mtemi."

"Wote?"

"Uliobaki uko kwenye kapu lile."

"Na nyumba yako?"

"Ndiyo hii. Kwa amri yako itakua kila mwaka. Nakushukuru sana."

Mvua ikazidi. Mtemi akakumbuka kwamba kwake hakuna paa. Akauliza taratibu, "Nafasi ipo?"

"Ipo. Sogeza kuku."

Mvua ilinyesha siku tatu. Mtemi akanywa uji humo, goti lake limebanwa na ubavu wa Ngassa. Siku ya tatu wakaanza kumsengenya Mtemi wa nchi jirani, namna anavyotembea. Kishosha akacheka mpaka machozi. Alikuwa hajacheka miaka minne.

Mvua ilipokatika akatangaza kwamba amegundua jambo jipya kabisa: kihenge kitoshe mavuno, na jioni watu wakae barazani. Watu wakamsifu kwa hekima yake. Yule mzee naye alipiga makofi, polepole. Nyamizi hakuwepo. Alikuwa juu ya nyumba yake, anaezeka. Ile kamba aliiomba, akafungia mbuzi.

Kwa hiyo, wanangu, mkiambiwa kitu kimekua, msikimbilie vigelegele. Ulizeni kwanza kimekula nini.

Mzigo wa kisa nimeutua hapa; aliyesikia na aubebe. Na wewe Masele, rundo la vyombo jikoni nalo limekua tangu mchana. Nenda kalipunguze.