Sauti Iliyoitika kwa Niaba ya Hoza

Asiyeitika huitikiwa. Mmenisikia nikimwambia Rehani hivyo, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, acheni kusukumana. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Usambara, wafugaji wa vipepeo huingia msituni wawili wawili. Mmoja anawinda na wavu wake, mwenzake anabaki ukingoni akimwita. Ukiitwa, unaitika, hata kama mdomo umejaa ndizi.

Siku hiyo Hoza aliingia mchana, jua likiwaka, dada yake Zahabu akabaki ukingoni. Hoza alikuwa anamtafuta kipepeo wa kijani mwenye mkia mweusi. Babu yao alimwona mara moja tu, akafa anamsimulia.

Na Hoza akamwona. Katua juu ya jani, hatua mbili tu mbele yake.

"Hozaaa!" Zahabu akaita.

Hoza akabana pumzi. Akiitika, huyu ataruka.

"We Hoza! Umelala?"

Hoza akainua wavu. Halafu sauti ikatoka bondeni, upande mwingine kabisa: "Niko hapa!"

Ilikuwa sauti ya Hoza mwenyewe. Hata mkwaruzo wa mafua aliyoamka nayo asubuhi ulikuwemo.

Ndege wakanyamaza. Kipepeo akafunga mabawa, taratibu, kama mtu anayefunga mlango.

"Mbona umeenda mbali hivyo? Haya, nakuja!" Zahabu akajibu.

Hoza akasikia majani yakikanyagwa. Dada yake anateremka bondeni, na kule kuna korongo ambalo hakuna aliyewahi kuona chini yake.

Akatupa wavu chini. "Dada, simama! Niko huku juu!"

"Niko hapa," ikasema ile nyingine, kwa upole.

Nyayo zikasimama. Zahabu hakuwa mjinga. "Nani alitumbukia kwenye pipa la ndizi zilizooza, siku ya harusi ya shangazi?"

"Niko hapa," bondeni.

"Ni mimi!" Hoza akapiga kelele. "Na wewe ndiye uliyenisukuma, mchawi mkubwa!"

Zahabu akageuka, akapanda mbio kumfuata huyo aliyemtukana.

Walitoka wameshikana mikono. Walipofika kwenye shamba la iliki, nyuma yao msitu ukaita:

"Hozaaa!"

Sauti ya Zahabu. Hoza akamtazama dada yake. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Niko hapa!" ikajibu ile ya bondeni.

Wazee wanasema sauti hizo mbili zinaitana mpaka leo. Kwa hiyo Rehani, mama yako akikuita, usijifanye hujasikia. Asiyeitika huitikiwa.