Kiti cha Mfalme Kilichochongwa Matumbawe

Hapo zamani, katika nchi ya Ureno, alikuwako mfalme aliyependa mapambo kupita kiasi. Akamwamuru Lorenso, fundi wake mkuu, amjengee ukumbi ambao kila jiwe limechongwa nakshi za bahari: kamba za merikebu, kaa, matumbawe.

"Yeyote atakayeacha jiwe tupu humu," akasema, "atakatwa kichwa."

Basi Lorenso akajenga hata akaota mvi. Mfalme alipokuja kukagua, akaona jiwe moja tu lisilo na nakshi, nalo ni kiti chake mwenyewe.

"Mtukufu, hapo ni pa kukalia," fundi akajitetea.

"Nilisema kila jiwe. Kesho ni karamu. Nikikikuta hivi, utakufa."

Lorenso akatoka akilia. Akamkuta Tristao, hohehahe mmoja mwenye maneno mengi, aliyekuwa akilala penye mawe ya ujenzi na kula makombo ya mafundi, akamsimulia yaliyompata.

"Bwana, chonga kama ulivyoambiwa," Tristao akamwambia. "Wala usiyabanie matumbawe. Mengine niachie mimi."

Ikawa kesho yake wageni wakajaa. Mfalme akaketi juu ya matumbawe mapya yaliyochongwa usiku, mara akaruka. Akajaribu upande wa pili, gando la kaa likayapokea makalio matukufu vilevile. Akabaki amesimama. Na desturi ya nchi ile, mfalme akisimama, hakuna wa kuketi wala wa kula. Basi maaskofu na mabalozi wakasimama wakimtazama kondoo wa kuchoma anavyopoa, matumbo yakiwanguruma hadharani.

"Leteni mto," mfalme akasema.

Tristao, aliyejipenyeza na wabeba sahani, akainama. "Mtukufu, mto utazificha nakshi, na amri yako itakuwa bure."

"Basi kisawazishwe upesi!"

"Na kisawazishwe. Ila amri yasema yeyote atakayeacha jiwe tupu humu atakatwa kichwa, na sasa mwenye kutaka jiwe tupu ni wewe. Tumwite nani aje na shoka?"

Askofu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na ukumbi mzima ukamfuata. Mfalme akanuna kidogo, lakini maumivu na njaa vilimzidi, naye akacheka.

"Amri nimeifuta," akasema. "Lorenso, chonga upendapo, acha upendapo."

Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka kusimama, akaketi sakafuni, palipokuwa pa mbao tupu zisizo na nakshi. Ikawalazimu maaskofu nao waketi chini na majoho yao, na katikati yao akaketi Lorenso, anatafuna paja la kondoo, kichwa chake kingali shingoni.