Kocha Umekula

Palikuwa na kocha mkuu wa timu ya mpira ya chuo, chuo cha ualimu kule kwenye baridi ya milimani, aliyejulikana kwa swali moja. Mchezaji akifika mazoezini, hata kabla salamu haijaisha, kocha anamwuliza: "Umekula nini leo?"

Na hakutaka jibu la kupitisha siku. "Nimekula, kocha" halikupokelewa. Taja! Chai kavu, muhogo, kiporo cha jana, chochote. Aliyesema hajala alioneshwa kwa kidevu hotipoti ya bluu iliyokaa chini ya benchi, ambayo mke wa kocha aliijaza kila alfajiri. Basi wanafunzi wakambatiza jina: Kocha Umekula. Bwenini walimwigiza, mkono kiunoni, sauti ya kukwaruza, watu wakashika mbavu. Alijua, wala hakununa. Alikuwa amegundua zamani kwamba kijana atakudanganya juu ya goti lake, atakudanganya juu ya usingizi wake, lakini ukimshika uso ukamwuliza amekula nini, macho yake yatakuambia kila kitu.

Ikaja fainali ya vyuo. Kombe ambalo chuo kile hakijawahi hata kuligusa. Asubuhi mwenyekiti wa kamati ya michezo akamvuta kocha pembeni.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu sana. Lakini leo ni kombe au kazi. Tusije tukalaumiana."

"Nimekusikia, mheshimiwa."

Watoto wake mwenyewe walishahama, mmoja mmoja, na nyumba imepoa. Vijana wale ndio waliokuwa wamebaki kumwita mzee, kumchokoza, kumaliza viazi vyake. Kumnyang'anya timu ilikuwa kumnyang'anya nyumba.

Kipindi cha pili, timu zikiwa sare ya goli moja moja, nahodha akaruka kupiga kichwa. Akagongana na beki. Kishindo kikasikika mpaka jukwaani. Akalala. Kisha, ndugu zangu, akanyanyuka! Akapunga mkono! Uwanja ukalipuka. Refa akamwuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Nani angemtoa shujaa kama yule? Wewe ungemtoa?

Kocha akamwita kwenye mstari. Akamshika mashavu kwa viganja viwili.

"Umekula nini leo?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Jamani, hata kwenye fainali!

Asubuhi ile kijana alikuwa amekula chapati kutoka kwenye hotipoti ile ile, akaomba na ya pili. Sasa alimtazama kocha kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Sijala," akasema, kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto. "Mama hajarudi shambani."

Kocha alijua kwamba mama yule yuko kaburini miaka mingi. Lakini hakumsahihisha, wala hakupiga kelele. Alivua koti lake, akamvisha.

"Haya, mwanangu. Njoo tumsubiri hapa."

Akamketisha benchi, akamwingiza mchezaji wa akiba.

Mliwahi kusikia uwanja mzima ukimgeukia mtu mmoja? Chupa za maji zilirushwa. "Mrudishe nahodha!" "Na wewe umekula nini? Umekula rushwa!" Kocha hakugeuka. Mkono wake mmoja ulikuwa begani kwa yule kijana, akimzuia asisimame. Dakika za mwisho wakafungwa. Kombe likaenda kwa wengine.

Walipofika zahanati, akili ya kijana ilikuwa imerudi. Muuguzi akammulika macho, akasema apumzike tu. Akapumzika, akapona. Kikao kilipoitwa, kocha akaeleza yote, neno kwa neno. Mwenyekiti akakunja uso.

"Nani mwingine alisikia hayo?"

"Mimi tu, mheshimiwa. Uwanja ulikuwa na kelele."

"Mwiteni nahodha."

Akaingia, mzima kama kigongo, shati limenyooshwa.

"Kijana, wewe ulisema mama yako hajarudi shambani?"

Nahodha hakukumbuka hata chembe, angekumbuka vipi? Akamgeukia kocha.

"Mama yangu nilimzika nikiwa darasa la tatu. Kocha, kama ulitaka kisingizio, ungetafuta kingine. Si mama yangu."

Hapo ndipo kazi ilipokwisha; yaliyobaki yalikuwa sahihi na muhuri. Maneno ya kujitetea yalimjaa kocha mdomoni. Akayameza. Njia pekee ya kushinda kikao kile ilikuwa kumthibitishia kijana, mbele ya watu wazima, kwamba alimsubiri marehemu mama yake uwanjani.

"Una la mwisho, mwalimu?"

"Moja tu." Akamgeukia nahodha, taratibu. "Umekula nini leo?"

Mjumbe mmoja akacheka puani. Kijana akajibu kwa hasira, "Chai na maandazi mawili. Mchana ugali na maharage. Na maharage yalikuwa na mchanga!"

Kocha akatabasamu mpaka macho yakamlowa.

"Asante, mwanangu. Nimeridhika."

Akaweka filimbi mezani, akatoka.

Sasa niambieni, kocha yule alifukuzwa kwa sababu gani? Kwa kufungwa? Makocha wangapi hufungwa na mwaka unaofuata bado wako benchini? Hapana! Alifukuzwa kwa sababu kijana alikuwa mzima. Angemwacha uwanjani, kijana akaanguka asiamke, sote tungefunga vitambaa vyeusi, mwenyekiti angesoma risala, kocha angelia pamoja nasi, na kazi yake ingebaki. Lakini alimwokoa. Na ushahidi uliomtia hatiani ulikuwa umesimama pale mbele yao, unapumua, unalalamikia maharage.

Msimcheke mwenyekiti. Yule ni sisi. Bibi alikukatalia usipande lile lori, ukamnunia. Hukuumia, kwa hiyo unasema alikuonea. Rafiki yako alikushika mkono usirudi kwa yule mwanaume, na hadi leo ukikutana naye njiani unavuka barabara. Huna kovu la kumwonesha, basi unadhani hakukufanyia kitu! Na Mungu je? Tunakuja mbele zake na viungo vyetu vyote, tumeshiba, tumelala, tumeamka, halafu tunamfungulia kesi: "Kwa nini ulinitoa mchezoni?"

Wapendwa, yupo mtu aliyepoteza kitu ili wewe uketi hapo ulipoketi. Hawezi kukuthibitishia, na amechoka kujieleza. Leo, kabla jua halijatua, nenda kwake. Usimdai maelezo. Mwulize amekula nini, kisha ukae mpaka akujibu.