Kompyuta Iliyofundishwa Kuamka Haraka

Wapendwa, kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa na digrii na kompyuta. Digrii ilikuwa mpya na haikumfaa kitu. Kompyuta ilikuwa kuukuu, ya mezani, na ndiyo iliyomfaa. Msicheke sana, nyinyi wenye payslip.

Aliishi kwa shangazi yake aliyemlea, mstaafu aliyekuwa mpiga chapa wa ushirika wa pareto kabla presha ya macho haijamnyang'anya mwanga wote. Vidole vya mama huyo havikusahau kibodi. Na ile kompyuta, iliyotumia mfumo wa Linux, ilikuja na sauti ndani yake ya kusoma yaliyo kwenye skrini. Kila asubuhi shangazi huketi, hubonyeza swichi, hungoja. Sauti ikisema "Screen reader on," yeye huijibu, "Asante, na wewe umeamkaje?" Kisha sauti humsomea barua za wapiga chapa wenzake waliotawanyika, mmoja Njoro, mwingine kwa mwanawe huko Doha. Hao ndio waliobaki kuwa dunia yake.

Kuwaka kwenyewe kulimaliza kikombe kizima cha chai. Zamani, kijana akija likizo kutoka campus, walikipenda hicho kipindi. Shangazi alimsimulia ofisi ilivyonguruma kwa taipureta, meneja aliyesinzia na kalamu mdomoni, magunia ya maua makavu yaliyonukia mpaka kwenye nywele. Walicheka hadi mashine inaamka na hakuna anayeitaka tena. Those were the days, kweli.

Lakini kukosa kazi hukausha hata chai. Siku hizi kijana aliisimamia ile mashine kama askari wa kanjo juu ya mchuuzi. Nafasi za kazi zinafungwa mtandaoni, stima inapotea ovyo, na kompyuta bado inajinyoosha. Jioni moja akasoma ushauri wa wajuzi: Linux huja na vifurushi vingi vya programu ambavyo hukuviomba, na vingine huamka pamoja nayo. Toa usivyovihitaji, itawaka chap chap.

Akaanza kufuta. Printa? Hatuna printa, toka. Bluetooth, toka. Michezo ya karata, kalenda, toka. Kompyuta ikimuuliza kama ana hakika, anagonga Y, yaani ndiyo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, yeye ndiye aliyekuwa HR. Akafikia kifurushi chenye jina la nyangumi, orca. Mimi na nyangumi wapi na wapi? Y.

Akaizima, akaiwasha. Hata hajakaa vizuri kitini, ikawa tayari. Spika alikuwa amezizima, kama kawaida yake, kwa hiyo hakusikia kilichokosekana. Alifurahi vile hakuwahi kufurahi tangu graduation.

Kesho yake akatoka mapema kupeleka CV mjini. Aliporudi jua lilikuwa limeshapinduka. Akamkuta shangazi mezani, spika amewasha, mikono juu ya kibodi, chai yake imeshika utandu.

"Barua zinasemaje, shangazi?"

"Bado haijaamka, baba." Alimwita baba kwa kuwa kijana alipewa jina la baba wa shangazi. "Leo imejivuta kweli. Nimeiambia ichukue muda wake, si kama wewe na haraka zako za digrii."

Kijana akaitazama skrini. Ilikuwa inang'aa, na kila kitu mahali pake, tayari, isipokuwa ile sauti: nyangumi aliyemfuta ndiye aliyekuwa akisoma.

"Umengoja tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipofunga geti. Keti basi, tungoje pamoja."



Sasa niwaulize: hiyo kompyuta iliwaka au haikuwaka? Kwake yeye iliwaka kufumba na kufumbua. Kwa aliyemlea, haikuwaka kabisa. Mashine ile ile, meza ile ile.

Na sisi wa kanisa hili je? Mnamkumbuka yule mama aliyetusomea kila mstari wa wimbo kabla hatujauimba, ili asiye na kitabu na asiyeona naye aimbe? Sauti yake ilivyokuwa nzito, na sisi tukiidaka na kuirudisha, mpaka mabati yanatetemeka? Tulimtoa. Tukasema anachelewesha ibada. Tukaleta projekta, na siku hizi saa tano tuko nje tunapiga selfie. Very efficient. Nani aligonga ile Y? Ni sisi, mikono juu, kwa kura.

Kijana hakukosea kutaka haraka. Hata mimi nina haraka, na sababu ninazo. Alikosea alipouliza "nani anakihitaji hiki?" akajijibu mwenyewe, bila kuita mtu aliye chumba cha pili.

Kwa hiyo tukimaliza leo msikimbilie geti. Kuna watu kwenye benchi za nyuma wamekaa kimya, nanyi mnadhani wanasali. Nendeni mkawaulize kama kwao ibada imeanza.