Muuza Birika Aliyejua

Ndugu zangu, swala tumeshaiswali, na najua wengine miguu imeshaanza kuelekea viatu. Nivumilieni kidogo. Nina mfano wa muuza duka mmoja, na mji wake siutaji, kwa sababu nikiutaja mtashusha pumzi mkisema, alhamdulillahi, si wetu.

Mtu huyu alikuwa akiuza vyombo vya umeme: pasi, feni, majiko, mabirika ya kuchemshia maji. Alikuwa na heshima zake. Msikitini safu ya mbele ilikuwa yake, na ukimpa salamu alikuitikia kwa kituo. Siku moja akaingia mwalimu wa sekondari, amekumbatia birika na boksi lake. "Hili linapiga shoti," akasema. "Nataka jingine. Ni haki yangu, sheria iko wazi, na ukibisha tutafika mbali." Muuza duka akamtazama, akaona huyu ana kalamu na ana ulimi. Akambadilishia papo hapo, tena kwa tabasamu na samahani mwalimu.

Haya, lile birika bovu alilifanya nini? Ninyi mngelifanya nini? Msinijibu.

Alilifuta alama za vidole vya mwalimu, akalirudisha katika boksi lake, akabandika selotepu mpya pale palipochanika, akalipanga rafuni na wenzake. Moyo ulimgusa, maana alikuwa binadamu. Akaujibu moyo wake: huenda umeme wa kwa mwalimu ndio mbaya. Nao moyo ukijibiwa hivyo kila mara, ndugu zangu, huchoka kuuliza.

Haukupita muda akaja mama mmoja mtu mzima, mchoma mihogo wa kando ya barabara. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja, na kila alfajiri alihitaji maji moto ya kukandwa. Mama alichoka kupuliza mkaa uani huku mgonjwa akimwita chumbani. Watu wakamshauri anunue birika la umeme. Akaingia dukani, akasema, "Mwanangu, mimi vitu hivi sivijui. Nichagulie wewe la kunifaa."

Lishikeni neno hilo. Nichagulie wewe. Mkono wa muuza duka ukapanda rafuni, ukayapita maboksi mazima, ukatua kwenye lile lenye selotepu mpya. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu anajua pa kushtaki na huyu hajui. Mwalimu angerudi, huyu atanyamaza na umaskini wake. Wala muuza duka hakukaa akayapanga hayo kichwani. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Mama alirudi.

Alikuja asubuhi, duka limejaa watu. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa hadi kwenye kiwiko, mwingine umebeba boksi. Muuza duka alimwona tangu mlangoni, na kilichomwingia machoni kwanza ni kile kitambaa. Na mtu mwenye hatia akishikwa na hofu hufanya nini? Hupaza sauti.

"Mama, kama umeleta kurudisha, geukia hapo hapo! Mali ikishauzwa hairudishwi. Mnanunua vitu msivyojua kuvitumia, vikiungua mnatuletea sisi. Ulipikia nini humo ndani, uji?"

Baadhi ya wateja wakacheka. Mama akangoja kicheko kiishe, kisha akaliweka boksi juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Sikuja kudai, mwanangu," akasema. "Nimekuja kukutahadharisha. Limenipiga shoti, nikaliangusha, maji yakanimwagikia. Nashukuru nililishika mimi, maana mzee wangu alikwishanyoosha mkono wake mzima alichukue, na yule asingepona. Nikasema nikuletee ulitazame, na hayo mengine uyatazame, usije ukamuuzia mtu bila kujua."

Waliocheka wakageuka kulitazama boksi.

"Majirani walitaka tuje wote tupige kelele," mama akaendelea. "Nikawakataza. Nikawaambia, yule kijana namwona kila siku akienda msikitini. Angekuwa anajua asingeniuzia."

Mteja mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole, bosi. Hawa wanaokuletea mizigo ndio wanaokuponza." Na muuza duka akaipokea ile pole! Akaitikia, "Wanatuponza sana." Mama akajitanda khanga yake vizuri, akaaga, akatoka mikono mitupu.

Muuza duka alijaribu kuendelea na biashara. Mteja akiuliza bei ya feni, anatajiwa bei ya pasi. Uso ulimwaka kana kwamba ni yeye aliyemwagiwa maji. Mtu ukisingiziwa ubaya unaweza kujitetea. Ukidhaniwa wema usio nao, utajitetea kwa nani? Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda msikitini, akaiona safu ya mbele, miguu ikakataa. Aliswali nyuma kabisa, karibu na viatu.

Alasiri akafunga duka. Akachukua birika jipya, lile zuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akalijaribu kwa mikono yake mwenyewe, akaenda akiulizia kwa mama mchoma mihogo. Akamkuta uani na majirani zake, anamenya mihogo kwa taabu, kitambaa kimelowa. Mama alipomwona na boksi akasimama kwa furaha.

"Mnamwona?" akawaambia wenzake. "Si niliwaambia? Huyu ni mtoto aliyelelewa." Akalipokea boksi, akaliweka chini, akainua mikono pale pale kumwombea dua, Mungu amzidishie, na vijana wetu wote wawe kama yeye. Majirani wakaitikia amina.

Hapo angeweza kuondoka. Zawadi imepokewa, mama ameridhika, jina lake linang'aa mtaa mzima. Lakini zile amina zilimchoma. Akasema, macho yako chini, "Mama, nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini, mwanangu?"

"Lile birika. Lilikuwa limesharudishwa na mtu mwingine. Nikalifuta, nikaliweka. Nikakupa wewe kwa sababu uliniambia vitu hivi huvijui."

Majirani wakaanza kufoka. Mama akawanyamazisha kwa mkono wake ule uliofungwa. Alilitazama birika jipya, akalishika, akalirudisha mikononi mwa muuza duka.

"Hili zima, mama," akasihi. "Nimelijaribu mwenyewe. Wallahi zima."

"Najua ni zima," mama akasema. "Nawe nimekusamehe, maana na mimi nataka kusamehewa. Lakini chombo chako sikichukui. Kila nitakapolishika hili nitaogopa, na kitakachoniogopesha ni wewe. Nitawasha mkaa."

Akabeba sinia la mihogo, akaingia ndani. Muuza duka akabaki uani amekumbatia birika zima, wala hakuna aliyemwambia karibu ukae.

Haya, sasa ni zamu yetu. Wafanyabiashara mlio humu, msijifiche nyuma ya nguzo. Mnunuzi anayekurudishia kitu kibovu haombi hisani, anafuata haki yake. Serikali inayo sheria, na dini yetu ilitangulia kusema: kitu kikikutwa na kasoro iliyoanzia kwa muuzaji, mnunuzi ana hiari ya kukirudisha. Na kasoro hiyo wanazuoni huiitaje kwa Kiarabu? Huiita aib, ndiyo aibu hii yetu. Aibu ya bidhaa. Sisi Waswahili tukalichukua neno hilo hilo tukaliweka usoni mwa mtu. Basi ukiifungia aibu ndani ya boksi ukaibandika selotepu, unadhani itakwenda kukaa wapi?

Na wewe usiye na duka, unayecheka kidogo hapo, wewe unauza nini? Ulipokwenda kumposea kijana wako, ukijua mkono wake ni mwepesi kupiga wanawake, ulisema? Au ulisubiri wazee wa binti waseme, kijana hatumjui, tunawaamini ninyi? Tunamwogopa mwenye kalamu, tunamnyookea kwa heshima. Anayetuamini ndiye tunayempa kibovu.

Kesho, kabla hujafungua mlango wako, kitoe kile unachokijua. Na kama umeshakiuza, mtafute uliyemuuzia. Usiende na zawadi kwanza. Nenda na yale maneno mawili mazito: nilikuwa najua. Huenda akakurudishia zawadi yako mbele za watu, na uso wako ukaanguka. Uache uanguke, ndugu yangu. Ni afadhali uanguke hapa duniani, uani kwa watu, palipo bado na mtu wa kukwambia nimekusamehe.