Aandikwe Nani Shabnam?

Sogeeni, sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, unaniziba. Nawaambia mapema nisije nikalaumiwa: hadithi hii mwisho wake sinao mimi, mnao ninyi. Anayetaka kutafuniwa aende zake sasa hivi, wala sitamkasirikia.

Haya. Palikuwa na mji, na mjini palikuwa na watu watatu wenye vipaji. Mji siutaji, maana wenyewe mpo humu mnanitumbulia macho.

Wa kwanza ni Fundi Hiza, seremala. Yeye kipaji chake kilikuwa sikio. Ukimpelekea ubao hauangalii hata kidogo. Anaugonga kwa mpini wa nyundo, anainamisha kichwa, halafu anakwambia, "Huu umeliwa ndani." Unabisha, unaupasua, unawakuta mchwa wanakuangalia.

Wa pili ni Bi Tunu, na kipaji chake ni kukumbuka. Miaka ishirini na sita alifanya kazi ya kuwaonyesha watu viti kwa tochi ndani ya jumba la sinema, na hajamsahau hata mmoja. Mkikutana sokoni anaweza kukwambia shangazi yako alikuwa akikaa wapi, alivaa nini, na alianza kulia picha ilipofika wapi. Wapo waliokuwa wakimwona kwa mbali wanakata kona.

Wa tatu ni Chande, mpiga mbiu. Kipaji chake sauti. Ana baiskeli, na kwenye usukani kafunga kipaza sauti. Msiba, mtoto aliyepotea, maji kukatika, yote ni Chande. Akisema maji yanakatika kesho, watu wanajaza ndoo kabla hajamaliza kusema. Na sauti yenyewe, jamani! Ilikuwa hata akitangaza msiba unatamani arudie, kisha unajionea aibu.

Sasa jumba. Katikati ya mji, palipo na maduka ya vitambaa, lilikuwepo Jumba la Shabnam. Lilikuwa na roshani ndani, jukwaa pana, na viti mia nne vya chuma vilivyokazwa sakafuni kwa nati. Zilionyeshwa picha humo, zikachezwa tamthilia, taarabu zikaimbwa mpaka watu wakatupa viatu hewani. Kisha kila nyumba ikanunua video, watu wakaacha kuja, milango ikafungwa. Miaka kumi na tisa wakazi wake wakawa popo.

Aliyebaki na ufunguo ni Bi Shirin, mjukuu wa aliyelijenga. Alikuwa mjane wa miaka sabini na nne, na miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Kila siku akienda dukani alipita upande wa pili wa barabara ili asilitazame. Ukimuuliza, "Bi Shirin, Shabnam vipi?" anakujibu, "Ipo." Basi, hapo kamaliza. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya. Babu alijenga, baba akaendesha, yeye kazi yake ikawa kufunga.

Asubuhi moja akakuta watu wamekusanyika mlangoni, barua imebandikwa. Barua ya baraza la mji, fupi. Ilisema jumba hili ni bovu, ni tupu, na halina kumbukumbu yoyote ya kuufaa mji, kwa hiyo litabomolewa. Mwenye pingamizi aje Jumamosi ya tatu kuanzia leo, saa kumi alasiri, kamati itakapokuja kukagua.

Bovu, tupu, halina kumbukumbu. Shikeni hayo matatu, maana likithibitika moja tu, jumba linakwenda chini.

Bi Shirin alisoma mara mbili, akaketi pale pale kwenye ngazi, akalia mchana kweupe, watu wanapita. Alishangaa mwenyewe. Hakujua kama alikuwa analipenda jumba lile kiasi hicho. Na ndipo wale watatu wakamjia, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akasema neno lile lile: "Nipe ufunguo."

Fundi Hiza ndiye aliyeanza. Alipanda darini na nyundo yake, akakaa huko siku nne akigonga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, moja baada ya nyingine, popo wakimpiga usoni. Aliposhuka alimwambia Bi Shirin, "Mama, paa lina kenchi ishirini na mbili. Kumi na saba nzima kabisa. Tano zimekwisha." Bi Shirin akauliza mbao za kubadilisha zitatoka wapi, maana ngumu kama zile siku hizi hazipatikani. Hiza akakuna shingo, akasema, "Zipo." Zilikuwepo kweli, kwenye nyumba yake. Alikuwa anaijenga kwa mwaka wa saba, ndiyo kwanza kapandisha paa, mkewe keshachagua chumba cha kulala. Akazishusha, akazipandisha Shabnam. Mkewe alifunga mizigo, akarudi na wanawe kwa mama yake, wakaenda kubanana huko.

Bi Tunu naye aliingia na daftari na kitambaa cha kupangusia. Alikwenda kiti kwa kiti. Kila alipopangusa, alikumbuka, na alipokumbuka, aliandika. Sasa lazima mjue jambo. Zamani Shabnam ilikuwa na onyesho la kina mama peke yao, kila Jumatano alasiri, mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Na wengi waliokuja waume zao hawakujua. Waliaga wanakwenda kutoa pole, wanakwenda kumwona mgonjwa. Jumatano mji ule ulikuwa na wagonjwa si mchezo! Bi Tunu aliijua siri ile miaka yote na hakumwambia mtu. Wanawake walimpenda kwa hilo. Sasa kila jina akaliandika, na kiti chake.

Chande hakupanda wala hakupangusa. Yeye alipanda baiskeli. Siku sita alizunguka mji mzima akitangaza: "Shabnam inafunguliwa! Jumamosi saa kumi! Shabnam inafunguliwa!" Inafunguliwa kwa lipi? Hakusema. Watu wakamsimamisha, "Chande, kuna nini?" Akajibu, "Njoo ujionee." Bi Shirin alipomsikia alishtuka. "Chande, mwanangu, ndani hamna kitu. Utawaambia nini?" Akasema, "Bi Shirin, nikiwaambia waje kukaa kwenye viti vya vumbi, nani atakuja?"

Jumamosi ikafika. Loo! Saa tisa na nusu barabara haikupitika. Wazee walikuja wamenyoosha kanzu, wakiamini itaonyeshwa picha ya Kihindi. Vijana walikuja na jezi, wamesikia ni mpira. Kina mama walikuja na chupa za chai na kashata. Wengine waliambiana ni taarabu, wakaja na manukato mpaka popo wenyewe wakahama. Wote wakaingia, wote wakakaa, wote wakalitazama jukwaa. Na jukwaani hapakuwa na kitu isipokuwa ufagio.

Kamati ikaingia. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Mbaruku, alisimama mlangoni akazungusha macho akitafuta kiti. Barua yake ilisema tupu, na yeye mwenyewe hana pa kukaa.

Mhandisi akapandishwa darini. Hiza alimfuata nyuma, akamkabidhi nyundo, akamwambia, "Gonga upendapo." Mhandisi akagonga zote ishirini na mbili. Akashuka na vumbi kichwani, akasema, "Paa hili litatuzika sote." Watu wakacheka, naye akaandika: si bovu.

Likabaki la kumbukumbu. Mheshimiwa Mbaruku akasema kwa sauti ya kiofisi, "Ofisini hakuna karatasi hata moja. Hili lilikuwa banda la starehe tu. Limeufaa nini mji?"

Bi Tunu akasimama na daftari. Akaanza. Fulani binti fulani, safu ya pili, kiti cha tano. Mtoto wake alikuwa amefariki, na humu ndimo alimolia, kwa sababu kwao walimkataza kulia. Fulani, safu ya sita. Hapa alijifunzia kusoma, kwa yale maandishi ya chini ya picha. Jina baada ya jina, na waume wao na watoto wao wamekaa wanasikia. Kuna mzee alimgeukia mkewe akamuuliza, "Kumbe ule mguu wa dada yako ulikuwa hauumi?" Mke akatazama chini.

Kisha Bi Tunu akafunua ukurasa. "Mwanahawa binti Shela, safu ya nane, kiti cha pembeni karibu na mlango. Alikuwa na mimba kubwa, anaogopa uchungu utamkuta katikati. Na ulimkuta, Mheshimiwa. Nilimtoa mwenyewe kwa tochi. Hiyo mimba ni wewe."

Mheshimiwa Mbaruku alivua miwani. Alikwenda safu ya nane, akakishika kile kiti. Halafu akaichana barua yake.

Mji ukalipuka kwa vifijo. Bi Shirin alikumbatiwa na watu asiowajua. Laiti ningeweza kuishia hapo, ningekwenda nyumbani mapema.

Lakini vijana walitaka mpira wao, na wazee picha yao, na Chande hakuwa na mpira wala picha. Wakaondoka wanamwita mwongo. Wiki ile ile alitangaza mtoto kapotea, watu wakaendelea na shughuli zao. Mtoto alipatikana kwa bahati tu. Bi Tunu naye alipita kwa shoga zake kuwasalimu, milango mitatu ikafungwa usoni kwake. Na Hiza, mke bado kwa mama yake.

Kisha baraza likaleta fomu. Jumba limenusurika, ilisema, lakini lazima liwe na msimamizi mmoja, mkazi wa mji. Jina moja, mstari mmoja. Atakalosema yeye ndilo litakalokuwa kwa miaka thelathini. Bi Shirin mwenyewe alikuwa anahamia kwa binti yake Mwanza kwa sababu ya miguu, kwa hiyo yeye ni kuandika tu. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Mstari ukibaki wazi, kiwanja ni cha baraza, na mabuldoza yapo.

Akawaita watatu wale nyumbani kwake, akawauliza kila mmoja analitakia nini.

"Karakana, Mama," akasema Hiza. "Nifundishe vijana na mabinti useremala. Nitang'oa viti, nisawazishe sakafu. Jengo lisilofanya kazi kila siku linaoza, mimi nalisikia."

"Viti hivyo hivyo uving'oe?" Bi Tunu akaruka, kisha akamgeukia Bi Shirin. "Shoga yangu, wanawake wa mji huu wana pa kukaa? Harusini na matangani tu. Nirudishie Jumatano yetu, na siku nyingine zote ziwe za wanawake. Mlango ufungwe, wapumue."

"Mlango ufungwe?" Chande akashika kichwa. "Lile ni jukwaa! Tamthilia, taarabu, ngoma, mazoezi asubuhi mpaka jioni, mlango wazi kwa kila mtu. Ulifunge tena?"

Najua, najua, mnataka kuniambia wagawane siku. Kwani wao hawakufikiri hivyo? Walijaribu siku tatu. Lakini msumeno na mwimbaji havikai chumba kimoja, viti ama vipo ama havipo, na mlango ama umefungwa ama uko wazi. Siku ya tatu walikaribia kurushiana vikombe. Mwisho wakasema, "Bi Shirin, amua wewe. Tutakubali." Walikuwa wanamtwisha mzigo, na alijua.

Ijumaa, saa tano na nusu, karani wa baraza yuko sebuleni, anatazama saa. Bi Shirin kaandika namba ya kiwanja, kaandika mtaa, katia sahihi. Umebaki ule mstari. Akawageukia wale watatu, akauliza swali moja: "Nikiandika jina la mwingine, utaingia tena Shabnam?"

Hiza akasema, "Nitaingia, Mama. Kila kabla ya masika nitakuja kugonga kenchi. Nikae kitako na najua zinaliwa?"

Chande akasema, "Nitalitangaza, la yeyote. Kama wataniamini."

Bi Tunu machozi yalimtangulia. "Sikanyagi, shoga. Nitakaa na nani? Wameniacha. Jumatano yao ikirudi, watanirudia na mimi."

Bi Shirin akaitazama kalamu. Aliyempenda zaidi ni Tunu, miaka sitini ya ushoga. Aliyemwonea huruma zaidi ni Hiza, kwa kuwa watoto wake wanalala kwa bibi yao ili Shabnam iwe na paa. Na kama alitaka kuliona jumba la babu yake limejaa, katika miaka kumi na tisa aliyelijaza ni Chande peke yake.

"Mama," karani akasema, "zimebaki dakika kumi."

Nami nakomea hapo. Msinitazame mimi, sikuwepo. Je, wewe kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na ukishaandika, wale wawili wako mbele yako, wanakungoja uinue uso: ungewaambia nini?